Dawa ya Gugumaji

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya uvuvi Homa Bay, mwishoni mwa miaka ya tisini, niliketishwa mbele ya kompyuta nikaambiwa nisiiguse. Nilitoka Migori, nilikokuwa karani wa maktaba. Modemu, kisanduku cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu, ilipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa, na simu ya ofisi haikutumika mpaka tumalize.

Wakati huo gugumaji lilikuwa limefunga ziwa. Kule kwetu Sori, kando ya ziwa, mama yangu alisukuma majani kwa mkono ndipo ateke maji ya kunywa. Nilipokwisha kuizoea kompyuta, Afisa Mkuu wetu akanituma nitafute mtandaoni dawa ya kuliua. Nikapata ukurasa wenye picha safi, ukiapa kwamba dawa haidhuru samaki wala watu. Nikauchapisha kwenye karatasi, nikampa.

"Nyar Sori," akasema, maana ndivyo alivyoniita, binti wa Sori, "umetuokoa! Kesho inaenda kwa wakubwa. Tutaanza kumwaga huko kwenu."

Huko kwenu. Nikamkumbuka mama. Alipokwenda kununua omena, dagaa wa ziwani, hakuchukua ya juu ya lundo hata siku moja. Alitia mkono mpaka chini, akaitafuna kujua kama ina mchanga, kisha akauliza imeanikwa wapi na nani. Ukurasa ule mimi sikuwa nimeuuliza lolote.

Nikarudi kwenye mashine, nikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa. Mwandishi ndiye muuzaji wa dawa. Nikatafuta wasio na cha kuuza. Laini ikakatika, nikapiga tena, ikakatika. Mwishowe nikawapata watafiti wa chuo cha mbali: waliijaribu kwenye mabwawa yasiyotumiwa na watu, wakaonya maji yasinywewe kabla ya kupimwa.

"Lakini Madam," akasema Afisa Mkuu nilipompelekea habari hiyo, "si kompyuta imesema ni salama?"

"Si kompyuta, Mzee. Ni muuzaji. Akisifu omena yake, utanunua bila kuonja?"

Aliichukua mezani bahasha ya kwenda kwa wakubwa. Nikaona kazi imeota mbawa.

"Tukisema wangoje na hii kitu izidi, watatuuliza mimi na wewe."

"Watuulize."

Akaitoa karatasi yangu kwenye bahasha.

Nimestaafu sasa. Wajukuu wakiniletea habari za kwenye simu, nauliza nani ameandika, anafaidi nini, nani mwingine amesema hivyo. "Dani ameanza," hucheka, yaani mimi bibi yao. Sijali.

Kama dawa ile ingetudhuru, mpaka leo sijui. Lakini Jumamosi ya wiki ile ya karatasi nilikwenda Sori, nikamkuta mama ameinama ziwani. Akachota kikombe, akaninyooshea. Nikanywa.