Miiba Aliyoifunga Kaka

Mwanangu ni fundi wa pikipiki pale Nyahanga, na barabara ya lami haimpendezi hata kidogo. Pikipiki yake ni ndefu, matairi yake yana meno, na siku ya mapumziko anaingia nayo vijiani: vya ng'ombe, vya kuni, vya kwenda kisimani. Jioni anarudi ana vumbi mpaka kwenye kope. Mimi namwuliza, "Baba, huko ulikuwa unamtafuta nani?" Anacheka tu, anaomba maji.

Siku moja ya kiangazi nikawa na haja na hivyo vijia vyake. Jirani wa kaka yangu alinipigia simu, akaniambia watoto wa kaka wanakuja na gari kutoka Mwanza kumchukua. Wameshapanga wenyewe. Ng'ombe wagawanywe, mji ufungwe, mzee akaishi nao. Mji kwetu ni boma la ukoo, nyumba na zizi na uwanja, na mji ule ni wa baba yetu.

Kaka ndiye pekee aliyebaki anayeniita jina la utotoni. Kwa wengine wote mimi ni bibi, au mama wa fulani. Nilitaka nimkute palepale, tukae uwanjani tulipokulia, kabla gari halijafika.

"Kwa barabara kubwa hatuwawahi," mwanangu akasema. "Labda tukate porini, Mama. Utaweza?"

"Lete hiyo suruali yako," nikamwambia.

Nikaivaa chini ya kitenge, nikapanda nyuma yake, miguu huku na huku kama mwanamume. Majirani walicheka mpaka tukapotea kwenye kona.

Njia zile nilizipita nikiwa binti, kichwani kuni, nyuma yangu ndama wakorofi. Kila njia ilikuwa na jina, na nilikuwa namtajia mwanangu sikioni: hii ni njia ya kisima cha chumvi, hii ya kwa mganga, hii tuliiita ya wachumba, kwa sababu wavulana walijipanga pale tukitoka kuteka maji, wamejipaka mafuta mpaka wanateleza. Mwanangu akapiga kelele juu ya mngurumo, "Na baba naye alijipanga?" Nikamwambia, "Baba yako alikuwa hana mafuta. Alijipaka samli." Pikipiki ikayumba kwa kicheko chake, tukakosa kidogo tu kuingia kwenye mtaro.

Kwenye njia ya kisima tukakuta mgunga umeanguka, tukauzunguka. Mbele zaidi, njia haikuwepo. Wachimbaji walikuwa wamechimba duara katikati yake, shimo jeusi lenye kamba, na udongo wake umerundikwa pande zote. Kijana mmoja mwenye matope mpaka kwenye nywele akatuona.

"Shikamoo, bibi. Na wewe umekuja kwenye dhahabu?"

"Marahaba. Nimekuja kupita. Mmechimba njia ya ng'ombe wa baba yangu."

"Basi huko chini hatujamwona hata ng'ombe mmoja, bibi. Hata dhahabu yenyewe hatujaiona."

Wenzake wakaangua kicheko. Lakini waliweka mbao zao juu ya kona ya duara, wakamsaidia mwanangu kuivusha pikipiki, na mimi wakanishika mkono mmoja huku mmoja huku. Nilitazama chini mara moja tu. Mahali pale ndipo mama alipokuwa akitua mzigo wake kupumzika, akituimbia, nasi tunatafuna mabua ya mtama. Sasa hata mti wa kivuli hawakuuacha.

Tulipofika kijia cha mwisho, kinachoingia mjini kwa kaka, tukakuta kimefungwa. Pande zote mbili ni ua wa minyaa aliopanda baba, umenenepa kama ukuta, na katikati yamerundikwa matawi ya mgunga, miiba mirefu kama kidole.

Mwanangu akateremka akivaa glavu zake. "Ni matawi tu, Mama. Navuta, tunapita."

"Usiguse!"

Akashtuka. Nikamwonyesha. Mashina ya matawi yalielekea ndani, miiba ikaelekea kwetu. Anayefunga hivyo amefunga akiwa nyumbani, na miiba ya mtu aliyeko nyumbani haivutwi na mwingine. Unasimama nje, unabisha, unasubiri. Tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuhesabu, na baba alimchapa kaka siku alipovuta miiba ya jirani kwa kumfuata mbuzi.

Nikabisha. Sauti ya kaka ikatoka nyuma ya minyaa, ikaniita jina langu lile, taratibu, kama vile nilitoka kuchota maji tu.

"Mwangaluka," nikamjibu kwa salamu yetu ya asubuhi.

"Piteni penye kipenyo cha ndama," akasema. "Hiyo baiskeli yenu ya moshi itaenea."

Ikaenea, kioo kimoja kikavunjika. Ndani tukamkuta kaka amekaa kwenye kigoda, pembeni yake maksai bado ana kamba shingoni. Alikuwa ameyakokota matawi yote kwa ng'ombe tangu alfajiri.

"Kaka, umefunga ili gari lisiingie?"

"Nimefunga," akasema, akanisogezea bakuli la uji.

Tukakaa. Alinionyesha jiwe la kusagia la mama, limeliwa katikati, na mahali lilipokuwa zizi la ndama nilikokuwa nikijificha nisitumwe. Tulikuwa tunabishana ni nani aliyeangusha chungu cha maziwa siku ya harusi ya shangazi, honi ikalia nje. Ikalia tena, ndefu.

"Baba! Fungua, ni sisi!"

Kaka akanigeukia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Siku hizi hodi inapigwa kwa honi?"

Injini ikazimwa. Nilidhani watavuta matawi, maana sasa ni watu wa Mwanza. Hawakugusa hata moja. Walizaliwa mle ndani.

"Hodi, baba," sauti ya mkubwa ikaja, ndogo.

"Nani?"

"Mwanao."

"Unataka nini?"

"Tumekuja kukuchukua."

"Kinachochukuliwa ni gunia. Rudia."

Mwanangu alijiziba mdomo kwa glavu.

"Tumekuja kukuomba, baba. Ukaishi na sisi."

"Ahaa." Kaka akainuka akishika kiuno, akaenda mwenyewe, akashika mashina, akavuta tawi moja baada ya jingine. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa jicho.

Wakaingia, wakaamkia, wakakaa chini kwenye ngozi kama zamani. Walikunywa uji. Kaka akawaambia ombi lao amelisikia, na atakwenda akishavuna viazi.

"Viazi gani?" mdogo akauliza. "Baba, shamba nimeliona. Halijalimwa."

"Ndiyo maana nasema mngoje."

Mkubwa akamtazama mdogo wake, kisha akaanza kucheka, na wote wakacheka mpaka kaka naye akashindwa kujizuia. Hakuna aliyetaja gunia wala kugawa ng'ombe tena.

Gari liliondoka mchana na jogoo mmoja na dumu la maziwa, na baba yao amesimama kijiani akiwaelekeza kwa fimbo: kushoto, kushoto kidogo, msikwaruze rangi kwenye minyaa yangu.