Nusu ya Vita vya Ngome

Jumanne, 12 Januari 1993. Joto tangu alfajiri. Kaskazi yavuma lakini haiingii vichochoroni, na kabla ya adhuhuri mawe ya Ngome yalikuwa yakichoma mkono.

Nimechoka, na sina hakika kama nitayaandika haya kwa haki. Nilisoma mpaka darasa la saba tu. Vita vya Ngome, vya Mreno na Muomani karibu miaka mia tatu nyuma, sikuvisoma kitabuni. Nilifunzwa na mzee aliyenitangulia katika kazi hii ya kutembeza wageni, na mengine nimeyaokota kwa wageni wenyewe, miaka kumi na minne sasa. Nikikosea mahali, kosa ni langu, si la yule mzee.

Kazi yetu ina tabia yake. Akija Mreno, nampa ushujaa wa Wareno, walivyozingirwa miaka mitatu kasoro wasisalimu amri. Akija Muomani, nampa ushindi wa Oman. Watoto wa shule nawapa werevu wa wazee wa Mombasa, waliotuma watu ng'ambo, huko Oman, kuomba msaada wa kumng'oa Mreno. Yote ni kweli. Sijapata kumwambia mgeni uongo. Ila kila mmoja hutoka langoni na kipande chake, ameridhika, na mimi huridhika kwa kuwa ameridhika.

Jana walikuja askari wa kigeni wanane, wa zile meli ziendazo Somalia kulinda chakula cha msaada. Mkubwa wao alikuwa kijana bado, pua imeungua na jua, lakini ana adabu. Alivua kofia alipoingia. Aliniuliza kwa Kiingereza, nami nikamjibu kwa changu cha kuungaunga. Wareno waliwezaje kukaa humu muda wote huo? Nikamwambia nilichojua atakipenda: walivumilia kwa kuwa waliamini msaada utakuja kwa bahari, na meli za msaada zilikuja kweli. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, na watu wa hapa, walikuwa upande gani? Nikasema wengine huku, wengine kule, nikawapeleka kutazama mizinga.

Shemeji yangu alikuwa ameketi kivulini karibu nasi, ameniletea chakula cha mchana. Ni kaka wa mke wangu, seremala wa Kismayu. Vita vya kwao vilimtoa, na huu ni mwaka wa pili analala ukumbini kwetu. Ufunguo wa nyumba yake ameutia uzi, yuwauvaa shingoni. Kiingereza hakisemi, lakini hukisikia vizuri.

Leo alasiri niliporudi nyumbani, nikamkuta mke wangu apanga mikate ya mofa kikapuni, na papa mkavu kando.

"Masurufu ya safari ya nani?" nikamuuliza.

"Ya kaka. Kuna chombo cha Kismayu Alhamisi. Asema wewe ndiwe uliyemwambia arudi."

"Mimi?"

Shemeji akatokeza mlangoni na randa yake mkononi. "Si wewe jana? Msaada waja kwa bahari, na mwenye kuvumilia hupata. Nimekusikia kwa masikio yangu. Na kweli, bandari ya kwetu askari hawa wameishika, chakula chashuka. Nyumba yangu yangoja nini?"

"Shemeji, yale nilikuwa nampa mgeni."

"Na mimi ni nani hapa, mwenye nyumba?"

Mke wangu alicheka bila kutaka, kisha akanitazama, na macho yake hayakuwa na kicheko. Nikavua viatu, nikaketi mkekani, nikampa shemeji nusu ya pili ya vile vita.

Nikamwambia meli zilikuja, ndiyo. Zilishusha watu na baruti, kisha zikaondoka, maana wenyewe walikuwa na bahari nyingine za kulinda. Ndani maradhi yakaua kuliko mizinga. Mwishowe Wareno waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole, na ukuta ulikuwa ukishikwa na watu wa pwani hii hii, wanaume kwa wanawake, waliokuwa upande wao. Meli za mwisho zilifika zikaona bendera ya Oman imeshapanda. Zikatazama kwa mbali, zikageuza. Waliogeuza walikuwa na kwao pa kugeukia.

"Na hao wazee wa Mombasa walioita Oman?"

"Oman walitimiza ahadi, nisiwadhulumu. Mreno alitoka. Lakini aliyemtoa hakurudi kwao. Tumeoana nao, hata nyanya yangu ni wa huko, sina ubaya nao. Nasema ilivyokuwa."

"Kwa hivyo hawa wa sasa watageuza, au watakaa?"

"Sijui, shemeji."

"Basi wasema nini?"

"Nasema mwenye meli hupima safari kwa mambo ya kwao. Huenda amekuja kwa wema, na watoto wamekula, hilo sikatai. Lakini wewe wauliza wamefika wapi. Mimi ningeuliza wataondoka lini, na siku hiyo nani atabaki ukutani."

"Nikamuulize nani? Yule wa pua nyekundu?"

Yule kijana ndiye aliyeniuliza mimi, watu wa hapa walikuwa upande gani. Alitaka somo, nikampa sifa na mizinga. Na huko arudiko huenda naye ana mkubwa wake, na kijana humpa mkubwa huyo kipande apendacho kukisikia.

"Miaka kumi na minne wauza vita," shemeji akasema, "na mwenyewe huna hata kisu." Kisha sauti ikamshuka. "Na nikikaa? Nile mchuzi wa dada yangu mpaka nizikwe ugenini? Akiingia mtu nyumbani mwangu kwa kuwa nimekusikiza wewe?"

Hata sasa ninapoandika nalipima hilo. Huenda mji wa kwao umetulia. Huenda naogopa tu kulaumiwa, nami nimemfungia mtu mlango wa nyumba yake kwa vita vya watu waliokufa zamani.

Aliuchezea ufunguo kwa kidole muda mrefu. Mwishowe akairudisha randa juu ya kabati. "Alhamisi hii siendi," akasema. "Chombo kitakachofuata, ntaona."

Mke wangu alikivuta kikapu. Alitoa nusu ya mikate kikapuni, na nusu akaifunika tena kwa leso, akaifunga.

Jioni tulikula mofa ya masurufu kwa mchuzi wa papa wa nazi. Iliokwa kavu kwa ajili ya safari, na meno yangu yaliiona ngumu. Shemeji alikula mikate mitatu.