Boneti ya Kaboni Kutoka Kikuubo

Chekeni kwa sauti tu. Mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha.

Nina gari la mashindano, nikataka kulipunguzia uzito. Nikang'oa viti vya nyuma, zulia, hata redio. Kisha nikanunua boneti ya kaboni kwenye maduka ya Kikuubo, Kampala, nyeusi, yenye michoro kama ya mkeka. Kaboni ni nyepesi kuliko chuma, kila mpenda magari anajua. Ile yangu ililetwa nyumbani na wanaume wawili, wote wakihema.

"Mbona wanalemewa?" mke wangu Nakato akauliza.

"Wewe unajua nini kuhusu kaboni?" nikamjibu, bwege mimi.

Jumapili tukakutana Luzira kwa mbio za klabu. Nikapita kati ya magari ya wenzangu nikibinua midomo. "Haya ni mabati ya kuezekea mabanda ya kuku," nikasema. "Njooni muone gari."

Wakaja wote, na Nakato nyuma yao. Afande Otim, askari mstaafu anayesimamia klabu yetu, alileta kibao cha namba yangu. Vibao vyetu vina sumaku, hunasa kwenye chuma tu.

"Hapo hakitashika, Afande," nikamwambia kwa maringo. "Tafuta gundi."

Akakiweka hivyo hivyo. Kikanasa, pa!

Otim akakwangua ukingo wa boneti kwa ukucha, na ile michoro ya mkeka ikabanduka kama karatasi. Nakato ndiye aliyeanza kucheka.

"Bwana," Otim akaniambia kwa upole, "kaboni yako iko na kutu."