Viroba Kwenye Mlango wa Mfereji

Mdogo wa mume wangu alinichukia tangu nilipochimba bwawa la perege kihambani, katikati ya migomba ya ukoo. Mimi ni wa Kahe, kule tambarare, nimekua na samaki. Wao huku mlimani zamani samaki kwao alikuwa sawa na nyoka. Basi akanisema msibani, akanisema kanisani, nami sikumchekea hata siku moja.

Bwawa langu linakunywa maji ya mfongo, mfereji unaoteremka ukipitia kwake kwanza. Zamu yako ikifika, unapanda kuziba mlango wa maji wa jirani wa juu ili yateremke kwako. Tangu enzi za wazee wanaziba kwa mgomba na udongo. Lakini pale mlangoni kwake palijaa viroba vya plastiki vya buluu vilivyotiwa udongo, vimeungua kwa jua mpaka vinachanika vyenyewe. Uvivu huo, nikasema, ni wa kwake.

Mwaka huu binti yangu alijifungua, akaja kwangu nimlee uzazi, miezi mitatu ya kula na kulala. Wenzangu wanalisha mtori wa ndizi na nyama. Mimi nikajidai: mtori, na supu ya perege wangu kila siku. Maziwa yakajaa, mjukuu akanenepa, nikatamba mtaa mzima.

Asubuhi moja nikamkuta kaa wa mferejini amekufa pale maji yanapoingilia bwawani. Nikampasua niwape kuku. Tumboni mlikuwa na nyuzi za buluu, nyembamba kama nywele, zimejisokota. Nikavua perege, nikapasua utumbo ambao siku zote nautupa bila kuutazama. Mungu wangu! Buluu ile ile.

Nikapanda kwa shemeji na sahani ya utumbo ule mkononi, hodi sikupiga.

"Tazama uchafu wako! Mwanangu ananyonyesha, na hiki ndicho ninachomlisha!"

Akaangalia, akacheka. "Si nilisema samaki si chakula cha watu?"

"Huna haya wewe!"

"Ngoja, shemeji."

Akaenda mferejini, akavuta kiroba topeni, akanitupia miguuni. Mdomo wa kiroba ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kanga ya njano. Kanga yangu.

"Mimi naziba kwa mgomba," akasema. "Viroba hivi unaleta wewe, kila zamu yako."

Ni kweli. Mgomba unavuja, kiroba hakivuji, nami nilitaka maji yote. Viwili vitatu nilijua ni vyangu. Vilivyobaki nilimbandikia yeye kwa sababu namchukia, na hata pale, kiroba kikiwa miguuni, nilizidi kumchukia. Radhi sikumwomba. Nilichukua sahani yangu nikateremka.

Binti yangu alikuwa amekaa kitandani, bakuli la jana tupu kando yake.

"Mama, leo supu mbona imechelewa?"

"Samaki wamekwisha," nikamwambia.

"Jamani, pole mama. Na ndio waliokuwa wananipa maziwa."

Akamhamishia mtoto kwenye titi la pili. Alinyonya kwa pupa, nikawa nasikia kila anapomeza.