Tiara ya Miavuli

Tiara ile ilinitoa machozi ya hasira, na hapa sitii chumvi. Nimeshona nguo za harusi, nimeshona mavazi ya kwaya ya watu wasioelewana hata juu ya rangi, lakini sijawahi kutukana kitambaa kama nilivyokitukana kile.

Mwenye wazo alikuwa mdogo wangu. Miguu yake haijawahi kumbeba. Anatembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono. Penye mchanga au kilima, mimi ndiye ninayemsukuma kutoka nyuma, tangu tukiwa watoto. Siku moja akanionyesha kwenye simu mtu aliyekaa juu ya kigari, anavutwa ufukweni na tiara kubwa kuliko mlango.

"Yaya," akaniambia, ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "minye nataka kwenda hivi. Hata mara moja tu. Bila muntu nyuma yangu."

Nikasema sawa. Nilidhani ni kazi ndogo. Mama yangu wee!

Tulikusanya miavuli myeusi iliyovunjika. Hapa Uvira, kando ya ziwa, kila nyumba ina mwavuli wa namna hiyo nyuma ya kabati, na kitambaa chake ni chepesi, hakipitishi upepo ovyo. Nikaifumua, nikaunga vipande kwa mashini yangu ya kushona mpaka vikajaa ua wetu wote pale Mulongwe. Kamba tuliomba kwa wavuvi, zile za nyavu za ndagala, dagaa wetu, na zilinitesa kabisa. Nyumbani nazipima ziko sawa. Zikilowa na kuvutwa ziwani, moja inarefuka, nyingine inabaki. Ukifupisha za mbele kupita kiasi, tiara inainamisha pua na kujibwaga chini. Ukizilegeza, inatetemeka na kurudi nyuma. Nilifunga na kufungua mafundo hadi vidole vikachubuka.

Siku tiara ilipokubali kusimama hewani kidogo, mdogo wangu akanitolea kipande cha kikwembe, yaani kitenge.

Mama yetu alipofariki, siku ya kumaliza matanga shangazi zetu walitugawia nguo zake. Kikwembe chake cha bluu walikipasua katikati, nusu kwa mdogo wangu, nusu kwangu, ili asionekane mtoto aliyependwa zaidi. Sasa yeye alitaka nusu yake ishonwe kwenye bawa la kushoto.

"Iko kizito," nikamwambia. "Tiara haitaruka."

"Shona tu, yaya. Ipendeze. Na Mama naye anivute."

Nikashona. Tiara ikawa inaangukia kushoto, kila mara kushoto. Kwa hasira nikafungua sanduku langu, nikatoa nusu yangu ambayo sikuwahi hata kuivaa, nikaishona bawa la kulia ili uzito ulingane. Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Ikapendeza ajabu, nyeusi kwa bluu. Tukaipeleka ziwani. Ikainuka kidogo, ikalala majini, vikwembe vikanywa maji mpaka tukaiburuta kama nyavu zilizojaa matope. Wamama waliokuwa wanafua wakacheka hadi wakashika mbavu.

"Weye mushonaji, leo unafua ao unaanika?"

Nikamgeukia mdogo wangu. "Tunatoa hivi vikwembe!"

"Hatutoi."

"Basi utakaa hapo hapo!"

"Nitakaa. Kukaa nimezoea."

Nilimsukuma hadi nyumbani, mgongo ukiniuma, na niliisukuma baiskeli kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Kila shimo nilimpitisha makusudi. Hakulalamika, na hilo likanikera zaidi.

Kesho yake nikamkuta uani anafumua vikwembe mwenyewe kwa wembe, uzi kwa uzi. Nusu yangu akanirudishia imekunjwa vizuri. Yake akaiweka mapajani.

Alasiri upepo wa kusini ulipopanda, tukarudi ziwani. Maji yamekula ufuko miaka hii, ila yanapopungua yanaacha ukanda wa mchanga uliokauka mgumu, magurudumu hayazami. Mvuvi mmoja akaacha nyavu zake, akatuinulia tiara. Mdogo wangu alikuwa ameshika kijiti kilichofungiwa kamba za tiara kwa mikono miwili. Mimi nikaenda nyuma ya baiskeli nimpe msukumo wa kwanza, mahali pangu pa siku zote.

Chuma cha nyuma ninachokishika nikimsukuma kilikuwa kimefungwa. Alikuwa amekizungushia kikwembe cha Mama mwanzo hadi mwisho, fundo juu ya fundo, pasipo nafasi hata ya kidole.

"Sasa nishike wapi?" nikafoka.

"Usishike," akasema. "Nyuma iko muntu."

Tiara ikajaa upepo. Kamba zikakaza, zikaanza kulia. Magurudumu yakageuka polepole, yakanasa, nikasogea mbele kwa mazoea, naye akapiga kelele, "Acha!" Nikaacha. Yakageuka tena, safari hii hayakusimama. Nikakimbia nyuma yake nikimwambia apunguze, aangalie maji, aangalie mitumbwi, nimekasirika, nalia, mikono nimeinyoosha mbele kama mjinga.

Hakugeuka hata mara moja.