Kadi ya Picha kwa Kompyuta ya Mama

Vumbi la kompyuta likipata moto lina harufu yake. Ninyi mliowahi kufungua kasha la mashine kuukuu mnaijua: kama nywele zilizoungua kidogo, na kwa mbali kama shaba. Juzi kompyuta moja ya shuleni ilikohoa ikatupulizia harufu hiyo darasa zima. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nikavuta tena, mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Kwangu kilichopungua pale kilikuwa udi tu.

Sebule yetu, mtaa wa Gerezani jirani na Kariakoo, ilinuka vyote viwili. Mama alikuwa anapiga video za shughuli za wanawake: singo za kumsugua bi harusi, mikesha, na hizo kicheni pati za kumfunda zilizoingia mjini kwa kasi wakati kila mtu amepata ruhusa ya kuuza chochote na kila duka lina redio yake inayobishana na ya jirani. Alirudi usiku mabega yanauma na nguo zimejaa udi wa watu, akakaa mbele ya kompyuta aliyoinunua kuukuu, imetoka Dubai kwenye kontena pamoja na majokofu. Mimi, Tatu, nilikuwa darasa la tano. Kazi yangu ilikuwa kupepea kasha la kompyuta kwa kipepeo cha makuti, maana feni yake ilikuwa na siku zake za kufanya kazi na siku zake za kususa.

Sheria za mashine ile zilikuwa kali kuliko za madrasa. Mwanamume haruhusiwi kuingia mama akihariri. Hata mjomba, aliyetuletea mchele, alipokewa mlangoni na kuagwa hapo hapo. Kanda haiazimwi, na anayetaka nakala lazima mwenye shughuli aje mwenyewe aseme ndiyo. "Mashine hii ina heshima kuliko baba yako mdogo," mama alipenda kusema, na kwa kuwa nilimfahamu baba mdogo, sikuona sifa kubwa hapo.

Tabu ilianza na waridi. Mpiga video mwingine wa mjini alikuwa na programu mpya: kwenye kioo linatokea waridi, linafunguka petali moja moja, na katikati anachomoza bi harusi akitabasamu. Wanawake walichanganyikiwa na waridi lile. Mama Swaumu, aliyekuwa anamwozesha binti yake, akaja kwetu akaketi, akanywa chai yetu yote, kisha akasema, "Mwanangu na yeye atoke kwenye ua. Ukishindwa niambie mapema, mwenzio anangoja." Na Mama Swaumu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi chao. Akihama yeye, wanahama wote.

Mama akaipata programu, akaiweka. Waridi likatokea, likafunguka petali mbili, likaganda. Tulilitazama mpaka uji ukapoa. Mashine haikuwa na nguvu ya kuchora vitu vya namna ile; ilihitaji kadi ya picha, ile ambayo wauzaji wa Kariakoo waliiita VGA.

Tukaenda kwa Bhavesh, kijana wa Kihindi aliyekuwa na duka nyuma ya maduka ya vitenge, jembamba kiasi kwamba mteja akipiga chafya anamchafua wa pili.

"Shikamoo mama angu. Kompyuta yako ya lini?"

"Ya zamani kidogo."

"Kidogo ya kwako au kidogo ya kweli?"

Akatufungia kadi moja kwenye gazeti. Nyumbani ikagoma kuingia. Ilikuwa na pengo kwenye meno yake, na tundu la mashine yetu lina kizuizi chake mahali pengine kabisa. Nikapendekeza tuipake sabuni, kama bangili inavyovishwa mkono mnene. Mama alinifinya, lakini baada ya kufikiri kwanza, nilimwona.

Bhavesh aliporudishiwa alitikisa kichwa. "Mama, hizi kadi zina ukoo. Mpya haiingii kwenye ya zamani, na ikiingia kwa nguvu inaichoma. Nunua kompyuta nyingine, utapumzika. Au niletee hiyo nijaribishe hapa, maana mali ikitoka dukani hairudi tena. Safari hii nimekusamehe."

"Mashine haitoki nyumbani."

"Kwani kuna nini ndani?"

"Kazi za watu. Harusi."

"Harusi si kila mtu anaona?"

"Za wanawake," mama akasema kwa sauti ya chini.

Bhavesh akajifanya anapanga nyaya. Nadhani alimkumbuka mama yake aliyeishi ghorofani juu ya duka, naye ana shughuli zake. Kisha akasema, "Basi chomoa diski, ubaki nayo. Kasha litawaka bila diski, litaandika herufi zake, tutajua kadi imekaa au haikukaa. Kilicho kwenye diski hatukioni."

Kesho yake tukalifunga kasha kwenye khanga. Mama akalibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na pale kwenye mikokoteni ya vitunguu bibi mmoja akatusogelea, akachungulia, akauliza kwa huruma, "Kanalala?" Nikamjibu kwamba kana homa. Diski yenyewe ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ndani ya buibui, na kiwiko cha mama juu ya vyote.

Siku hiyo dukani alikuwepo fundi mwingine, Side, aliyepanga pembe ya kaunta. Nywele zake zilikuwa na mafuta kuliko chapati. Bhavesh akafungua kasha, vumbi likaruka, wateja wakakohoa. Kadi ya kwanza haikuingia. Ya pili iliingia vizuri kabisa, akawasha, taa ikaonekana, feni ikazunguka mara chache ikafa. "Hii inakula umeme mwingi," akasema. "Kasha lako halina cha kuilisha." Akaingia chini ya kaunta, akarudi na kadi kuukuu, kijani imepauka, mtumba kama vyote tulivyovaa. Ikakaa. Herufi nyeupe zikapanda kwenye kioo, zikasimama zikilalamika kwamba diski haipo. Nilipiga makofi, muuza soksi aliyekuwa anapita naye akapiga, bila kujua sababu.

"Imekubali," Bhavesh akasema. "Ila kama italiendesha hilo ua lako, hapo siwezi kuapa. Mpaka iwe na diski yenye programu."

Ndipo Side akainuka. "Bi mkubwa, mbona rahisi? Niachie hiyo diski leo. Naweka kila kitu, najaribu ua, kesho unakuta linafunguka kama la bustanini. Na hiyo kadi nalipa mimi. Bure."

"Kwa nini ulipe wewe?"

"Nakusaidia tu, mama. Mimi nawapenda sana wanaojituma." Akacheka, akamtazama kijana mmoja aliyeegemea mlango, na yule naye akacheka.

Nilimvuta mama buibui. Bure! Mimi kichwani nilishatumia hela ile kwa viatu. Mama alikuwa amesimama, jasho linamtoka juu ya mdomo. Alijua akinunua kadi isiyofaa haina kurudi, na Mama Swaumu keshasema. Bhavesh naye alikuwa anakuna shingo bila kumwangalia mtu.

"Kadi naichukua," mama akasema. "Diski yangu hailali ugenini."

"Sasa bi mkubwa, unaogopa nini? Kwani tunakula watu?"

"Funga kasha, Bhavesh baba."

Njia nzima sikumsemesha. Nilikuwa nimenuna kwa ustadi, mdomo umefika nyumbani kabla yangu. Nilimwona mama ni mshamba: wanawake wanacheza na khanga kiunoni, wanakata mauno, wanamfundisha bi harusi vitu vya kunichekesha nyuma ya mlango, basi ndiyo siri ya serikali hiyo?

Tulipofika akarudisha diski, nikashika kipepeo. Waridi likafunguka petali mbili, likapumua, likaongeza ya tatu. Likaendelea hivyo kama mzee anayepanda ngazi. Binti wa Mama Swaumu akatoka nusu, akakwama kifuani, kisha akachomoka wote kwa mshtuko kama kifaranga. Mama aliketi chini sakafuni akacheka mpaka machozi. Mama Swaumu alipoletewa kanda alitazama kwa makini, akatamka, "Ndivyo alivyo mwanangu. Ana haya. Hatoki haraka." Kikundi kikabaki kwetu.

Sasa niko kidato cha tano. Kwa vicheko naongoza shule, kwa hesabu tusizungumze. Wenzangu wakiwa na picha yoyote ya kuchekesha huniita niitungie maneno, na mimi siwanyimi. Wiki ile ile ya harufu ya vumbi, mwenzangu Method aliniita nyuma ya maabara, simu iko mkononi, kundi limemzunguka. "Tatu, njoo uongee juu ya hii. Ametuletea kaka yangu, kaitoa kwa fundi mmoja Kariakoo, kuna mtu alipeleka kompyuta matengenezo."

Ilikuwa kicheni pati. Sikumjua yule mama aliyekuwa anacheza, mtu mzima, mnene, khanga imefungwa chini ya kiuno, anacheka kichwa kimerushwa nyuma. Wavulana walikuwa wanamrudisha nyuma na kumwanzisha upya.

Mimi nimekua nikiwatazama wanawake kama yule, kipepeo mkononi. Kuna kitu walikuwa wanafanya wote, nami sikuwahi kukiwaza: katikati ya ngoma mwanamke anastuka, anaiona kamera, uso unafunga. Kisha anaona aliyeishika ni mama. Anafunguka tena, anacheza zaidi ya mwanzo. Yule wa kwenye simu alifanya hivyo hivyo. Alimtazama mpiga video wake, nisiyemjua, akamwamini, akaendelea.

Kundi lilikuwa linanisubiri, wengine wameshaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Futa," nikasema.

Wakaangua kicheko. Method akanipiga begani, "Huyu mtoto fundi bwana! Haya, endelea."

"Method, nimesema ifute."

Wakacheka zaidi.