Kioo Kilichokula Viatu vya Kukhu

Enzi zetu, picha isiyo na viatu haikuwa picha. Wewe uliyekulia Kitale au Bungoma miaka ile ya themanini unajua ninachosema. Mtu alisimama mbele ya kamera, akanyoosha shati, na jambo la kwanza kuuliza lilikuwa kama viatu vimeingia. Uso kila mtu alikuwa nao. Viatu ndivyo vilivyoonyesha umefika wapi maishani, na mpiga picha aliyekukata miguu alikuwa amekutukana.

Baba yangu alikuwa karani mjini Kitale, lakini roho yake ilikuwa kwenye lenzi kuukuu. Mzungu mmoja mwenye shamba kule eneo liitwalo Kwanza aliuza vitu vyake akaenda zake, na watu wakang'ang'ania viti na masufuria. Baba alirudi nyumbani na kamera nzito na lenzi ambayo kuvu ilikuwa imetambaa ndani yake kama utando wa buibui. Mama alimuuliza kama hicho ndicho watoto watakula. Baba alicheka tu. Jioni tukishakula alipangusa meza, akatandika gazeti, akaleta bisibisi ya fundi saa, pamba na chupa ya spiriti. Pete ya mbele ikikataa kufunguka, aliishika kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kuizungusha polepole huku akiibembeleza: "Njoo mama, njoo, usiogope." Mpaka leo nikinusa spiriti hospitalini siwazi sindano, nawaza ile meza.

Kuvu ya Kitale mnaijua. Ilikaa kwenye viatu, kwenye Biblia, kwenye koti la harusi. Baba aliamini jua linaiua, kwa hiyo asubuhi aliiacha lenzi dirishani. Siku moja ilikusanya jua lote la asubuhi ile ikatoboa kitambaa cha kochi alichofuma Mama kwa mkono wake. Tulinusa moshi tukadhani ni jirani. Mama alimngoja Baba atoke kazini. "Baba Nafula, hiyo macho ya Mzungu itachoma hii nyumba, na mimi sitazima." Tangu hapo lenzi ilikaa ndani ya kopo karibu na jiko, mahali pazuri kuliko petu. Mama akanung'unika kwamba kioo kinaota moto na watoto wanatetemeka. Hakusema uongo.

Sasa, Kukhu, yaani nyanya yetu, mamake Baba, aliishi Chwele. Hakuwa amewahi kupigwa picha peke yake maisha yake yote; alionekana tu kwenye picha za harusi za watu, nyuma, nusu bega. Mwaka ule Senge, dadake Baba aliyeolewa Malakisi, aliuza tumbaku vizuri akamnunulia mamake viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa bizimu. Kukhu alikuwa mtu wa ndara, na shambani mtu wa miguu mitupu. Alituma habari kwamba Krismasi anataka picha yake, peke yake, na viatu vyake. Baba alifurahi kama aliyepandishwa cheo. Akaamua aifungue lenzi aisafishe upya kabla ya safari.

Kwetu kulikuwa na meza moja tu. Ilikuwa ya chakula, ya homuwaki, ya kupigia pasi na ya maombi. Jioni ile Baba alikuwa ameshapanga vioo kwenye gazeti, kila kimoja mahali pake na upande wake, hodi ikapigwa. Wamama wa kanisa walikuwa wamefika kwa ushirika. Nani angethubutu kuwaambia wamama wa kanisa wangoje lenzi? Alivikusanya kwenye leso yake, akaketi kusikiliza maombi, na walipoondoka akavirudisha kwa kukisia.

Siku ya Krismasi Kukhu alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba, kitambaa kichwani, mikono magotini. Viatu vilikuwa vimepakwa rangi mpaka kuku wangeweza kujitazama ndani yake. Filimu ilikuwa imebakisha picha moja tu, nyingine ziliishia kwenye harusi ya jirani.

"We, viatu iko ndani?"

"Iko ndani, Mayi," Baba akamjibu mamake.

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini kabisa. Sasa usitingishike."

Kisha tukangoja. Ninyi mnakumbuka kungoja kule. Filimu ya rangi ilitumwa Nairobi kuoshwa, na kila Jumamosi tulipita studio kuuliza tukaambiwa bado. Ilipofika, Baba alifungua bahasha barabarani. Uso wa Kukhu ulikuwa wazi ajabu, kila mkunjo, hata kovu dogo juu ya nyusi. Lakini kutoka kifuani kwenda chini na pembeni, kila kitu kilikuwa kimezunguka na kuyeyuka kama uji uliokorogwa: nyumba, kuku, na viatu. Alipofungua lenzi usiku huo alikuta kioo kimoja kimetazama nyuma. Alikigeuza kwa dakika chache tu. Hakula.

Pasaka tulimpelekea picha. Kukhu aliishika mbali, akaileta karibu, akaigeuza, akatazama hata mgongo wake.

"Hii kioo yako imekula viatu yangu."

"Lakini Mayi, si uso imetoka poa, bana," Senge akasema.

"Uso najua. Hiyo nimekuwa nayo siku zote."

Baba alikuwa amekuja na kamera, tayari kurekebisha mambo siku hiyohiyo. Lakini mvua ya Pasaka ilikuwa imegeuza boma lote matope, na Kukhu akakataa katakata kukanyagisha viatu vyake humo. Alisema tungoje Krismasi, kukikauka. Baba akaahidi filimu nzima, yote ya viatu, na Kukhu akacheka mpaka akashika ubavu.

Hakufika Krismasi. Habari ilitufikia watu wakivuna mahindi.

Ile picha ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Watu waliitazama wakasema ni yeye kabisa, anatuangalia. Tulipotoka kaburini Baba aliingia nyumbani kwa mamake, akatoa viatu chini ya kitanda, akavifuta kwa mkono wa koti lake. Akaleta kile kiti mbele ya nyumba, akavipanga chini yake vikitazama kamera, akapiga picha moja. Hapo ndipo nilipomwona Baba akilia kwa mara ya kwanza. Picha ilipooshwa, viatu vilionekana mpaka uzi wa mwisho.

Zote mbili ziko ukutani kwangu leo. Binti yangu, wa kizazi hiki kinachopiga picha chipsi kabla ya kula, alikazia macho ile ya uso. "Mum, hii blur uliweka na app gani? Iko fiti!" Nilicheka mpaka machozi. Simu zao zina kitufe cha kufanya makusudi kosa ambalo Baba hakulisahau mpaka anakufa. Wana picha elfu na elfu, wanazifuta kitandani kama mtu anayefukuza mbu, na hakuna hata moja waliyoivalia nguo nzuri na kuingoja. Nawapenda, lakini nawaonea huruma.

Mimi ndiye niliyerithi lenzi. Naifungua mwenyewe jioni, kwa pamba na spiriti, na sasa hupekua mitumba nikitafuta nyingine za kufufua. Kila Desemba naenda nayo Chwele. Naweka kiti pale mbele ya nyumba na kuchungulia. Kioo kimekaa sawa, pembe zote ni safi, naona mpaka misumari ya kiti. Natamani ile Krismasi irudi, hata kwa picha moja tu. Nangoja kidogo, kisha nashusha kamera na kurudisha kiti ndani.